Uso Uliobandikwa kwenye Kopo la Krimu

Uliiona. Usijifanye hukuiona.

Ilipita kwenye simu yako Jumatatu asubuhi, ukisubiri chai ipoe. Mwanamke mwenye sare ya uuguzi. Nusu ya uso wake nyeusi, nusu nyeupe kama unga. Mkononi kashika kopo la krimu. Chini yake maneno manene: MIMI NI MUUGUZI, NAIAMINI KRIMU HII. Ukacheka kidogo. Labda ukamtumia mwenzako. Labda uliipitisha tu, ukaenda kutazama picha ya harusi ya mtu usiyemjua. Hukujiuliza huyu mwanamke ni nani. Hukujiuliza kama ana kazi ya kupoteza, au kama kuna ndugu yake anayelia mahali fulani.

Ndugu anaye. Ana dada. Hadithi hii ni ya huyo dada, na utaisoma mpaka mwisho, maana hata wewe umo ndani yake.

Dada ni msusi. Wateja humwita Vidole, kwa sababu vidole vyake havijui kupumzika. Hata akila, vidole vinachezea ncha ya kanga. Kibanda chake ni cha mbao. Kina kiti kimoja, benchi moja, kioo chenye ufa, na kopo la mafuta ya nywele ambamo kila mteja huchovya kidole bila kuuliza. Upande wa kulia kuna duka la vipuri vya baiskeli. Upande wa kushoto yupo Mama Mihuri, fundi wa kutengeneza mihuri ya mpira. Kati ya Vidole na Mama Mihuri kuna ubao mmoja tu. Mmoja akipiga chafya, mwingine hujibu.

Vidole alikuwa na desturi yake. Akimaliza kichwa, anapiga picha tatu. Ya kwanza kisogo. Ya pili upande wa sikio. Ya tatu uso. Kisha anachagua ile ya uso, kwa sababu ndiyo inayopendwa, anaiweka kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Ikishapanda, anazifuta zote tatu kwenye simu. Simu yake ni ndogo na hujaa upesi. Hakuona shida. Picha si iko mtandaoni? Akiitaka ataikuta.

Huo ulikuwa ujinga wake wa kwanza. Usimcheke. Wako unakuja.

Wiki nne kabla ya Jumatatu hiyo, mdogo wake alipita kusuka. Mdogo wake ni muuguzi wa zahanati. Alikuwa ametoka zamu na hakuwa na muda wa kubadilisha nguo. Alikaa kitini na sare yake, beji ya jina kifuani, akasukwa mistari. Vidole alipotoa simu, mdogo wake aliinua mkono.

"Dada, usiniweke na sare."

"Kwani sare inauma?"

"Nakuambia usiniweke. Kazini hawapendi."

"Wewe nimekubeba mgongoni mpaka nikaota sugu, leo nikuombe ruhusa ya picha? Inua kidevu. Hivyo. Shika na chanuo, upendeze."

Muuguzi akashika chanuo, akacheka bila kupenda. Picha ikapigwa. Vidole akaiweka kwenye ukurasa wake na kuandika: Hata wauguzi husuka hapa. Watu wakaipenda. Sare iliupa ukurasa heshima. Vidole alijua hivyo, na ndiyo sababu aliiweka. Tuseme ukweli: alitumia sare ya mdogo wake kutangaza kazi yake. Aliyekuja kuiba baadaye alifanya jambo lile lile, ila yeye alikuwa na kopo.

Sasa turudi Jumatatu.

Vidole alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Upande wa kushoto umekwisha, upande wa kulia bado umesimama. Simu ikaanza kutetemeka juu ya benchi. Akaiacha. Ikatetemeka tena. Ikatetemeka mpaka ikaanguka.

"Pokea, huyo hachoki," mteja alisema.

Alikuwa shangazi.

"We mtoto! Mdogo wako amekuwa mweupe lini?"

"Shangazi, nina kazi."

"Nakuuliza amekuwa mweupe lini! Nusu nzima! Nimekutumia, tazama mwenyewe."

Vidole akatazama. Kwanza aliona kopo. Kisha aliona sare. Kisha aliona mistari ya nywele, na mistari ile aliijua kabla hajaujua uso. Ilikuwa kazi ya mikono yake. Chanuo lilikuwa limeondolewa mkononi mwa mdogo wake, likawekwa kopo. Jina la kibanda, alilokuwa ameliandika kwa herufi ndogo kwenye pembe ya picha, halikuwepo. Pembe yote ilikuwa imekatwa. Lakini beji ya mdogo wake ilikuwepo. Jina lilisomeka herufi kwa herufi.

Akatoka nje. Akarudi ndani. Akatoka tena.

"Na mimi nibaki hivi?" mteja alilalamika. "Nusu shamba, nusu pori?"

Vidole hakusikia. Alikuwa ameupata ukurasa wa wauza krimu na alikuwa anaandika kwa hasira: WEZI NYINYI! HUYU NI MDOGO WANGU! Aliandika mara moja, akaandika mara ya pili, akaandika mara ya tisa. Kila alipoandika, watu wengine walikuja kuangalia kelele ni za nini. Walikuta picha. Mitandao hii haijui kama unasifu au unatukana. Inachojua ni kwamba watu wamejaa, basi inaita wengine.

Shangazi naye hakukaa bure. Aliituma picha kwenye grupu la ukoo, grupu la majirani na grupu la kina mama wa kuchangiana. Juu yake aliandika: HUYU SI MTOTO WETU, WAMEMBADILISHA. Alifanya kwa nia njema. Lakini waliopokea waliitoa picha peke yake na kuwatumia wengine. Picha ilisafiri, maneno ya shangazi yakabaki nyumbani.

Kufika saa sita, picha ilikuwa imefika kwenye simu ya mkuu wa zahanati.

Muuguzi alikuja kibandani jioni, jua halijazama. Hakukaa. Alisimama mlangoni, mkoba umebanwa kwapani.

"Nimeitwa ofisini," alisema.

"Mdogo wangu, nimewatukana wote, nimewaambia..."

"Nimeitwa ofisini, dada. Leo amekuja mama mmoja na shavu limeungua. Limevimba, linatoa maji. Ametumia ile krimu siku tano, tangu alipoliona tangazo wiki iliyopita. Nilipomwuliza kaupata wapi ushauri, akanionyesha simu. Akaniambia, 'Si wewe?' Mbele ya foleni nzima. 'Si wewe uliyesema unaiamini?'"

Vidole alimsogezea kiti, hakukigusa.

"Muuguzi haruhusiwi kutangaza dawa," mdogo wake aliendelea. "Sembuse sumu. Nimepewa mpaka Ijumaa saa sita niandike maelezo. Nisipoweza kuonyesha kwamba picha si yangu, nasimamishwa. Na picha ni yangu, dada. Ndiyo shida. Sura ni yangu, sare ni yangu, jina ni langu. Nitasema nini? Kwamba mkono ule si wangu?"

"Tutawaambia ukweli."

"Ukweli nilikuambia mimi. Hapa hapa. Nilikuambia usiniweke."

Ubao wa kushoto uligongwa mara tatu.

"Nyinyi watoto!" Mama Mihuri aliita. "Nimekata herufi vibaya kwa ajili yenu. Ingieni huku, mlie mbele yangu, angalau nione."

Mama Mihuri ni mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Amefanya kazi ya mihuri tangu enzi za kuchonga mpira kwa wembe. Mezani kwake kuna vipande vya mpira, vibao vya wino, na daftari lenye barua zilizobandikwa. Hatengenezi muhuri bila barua ya ofisi. Walipoingia, kijana mmoja mwenye suti inayometa alikuwa anambembeleza.

"Mama yangu, ni muhuri mdogo tu. 'Daktari Bingwa.' Nani atajua?"

"Bingwa wa nini?"

"Wa mambo yote."

"Basi jitibu ufupi wa suruali. Toka."

Kijana akatoka. Mama Mihuri akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaomba simu. Aliitazama picha muda mrefu. Vidole hakuweza kusimama mahali pamoja. Alihama kutoka mlangoni kwenda mezani, akashika kipande cha mpira, akakiacha.

"Tulia, unanitikisia meza," Mama Mihuri alisema. "Nani mwingine ametumiwa hii?"

"Shangazi ameituma magrupu matatu kuwaeleza watu kwamba ni ya uongo."

"Mpigie shangazi. Sasa hivi. Afute kote alikoituma. Ukitaka kusema kitu ni cha uongo, sema kwa maneno. Usibebe huo uongo mkononi ukaugawa."

Vidole akapiga. Shangazi akang'aka kwenye simu mpaka wote watatu wakamsikia.

"Yaani nimemtetea mtoto, halafu ndiyo mimi mbaya?"

"Shangazi, futa tu."

"Nimeshapokea pole kutoka kwa watu arobaini!"

"Futa, shangazi. Nakuomba."

"Nafuta. Lakini nimekasirika."

"Na wewe," Mama Mihuri akamgeukia Vidole, "umewaandikia matusi?"

"Mara tisa."

"Umewaletea wateja mara tisa. Futa. Lakini kabla hujafuta, kabla hujamlalamikia mtu yeyote, tunachukua ushahidi. Watu hukimbilia kulalamika kwanza. Mwizi akishtuka anaufuta ukurasa, nawe unabaki na hadithi tupu."

Akawaonyesha. Walipiga picha ya kioo cha simu, ile watu huiita skrinishoti. Si picha ya krimu peke yake. Jina la ukurasa lionekane. Tarehe ionekane. Idadi ya watu walioipenda ionekane. Kisha wakanakili anwani ya ukurasa, ule mstari mrefu wa herufi, wakaiandika pia kwenye karatasi kwa kalamu.

"Kwa nini karatasi?" muuguzi aliuliza.

"Simu huibiwa. Karatasi hii nani ataitaka?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo muuguzi alitabasamu, ila tabasamu halikudumu.

"Sasa," Mama Mihuri alisema, "picha ya asili iko wapi? Ile yenye chanuo."

"Kwenye ukurasa wangu," Vidole alijibu.

"Hiyo ni nakala. Mtandao ukiipokea picha huibana, huipunguza. Naitaka ile iliyotoka kwenye kamera ya simu yako, yenye tarehe na saa yake ndani. Hiyo mwizi hana, na hawezi kuipata kamwe."

Vidole aliitazama simu yake.

"Nimefuta."

"Umefuta?"

"Nafutaga zote. Simu inajaa."

Muuguzi alikaa chini juu ya gunia la vipande vya mpira.

"Lini ulifuta?" Mama Mihuri aliuliza.

"Siku ile ile. Ilikuwa... wiki nne sasa."

"Wiki nne ni siku ishirini na nane. Lete simu!"

Simu nyingi haziitupi picha siku ile ile unapoifuta. Huiweka kwanza kwenye kapu la taka, ikae kama siku thelathini, ndipo iiteketeze. Watu wengi hawajui kapu hilo lipo. Vidole hakujua. Mama Mihuri alibonyeza mahali pa picha, akateremka mpaka chini kabisa, akalifungua kapu. Zikamiminika: visogo, masikio, nyuso, mamia. Mdogo wake akaichukua simu. Wakashuka, wakashuka.

Zilikuwepo. Zote tatu. Chini ya kila moja paliandikwa: zimebaki siku mbili.

"Siku mbili," muuguzi alinong'ona.

"Rudisha," Mama Mihuri alisema. "Rudisha, kisha itume kwenye barua pepe ya mdogo wako, na kwangu, na kwenye kadi ya kumbukumbu. Isikae mahali pamoja tena."

Walipoirudisha, Vidole aliikuza. Akaangalia kama fundi anavyoangalia kazi yake. Ghafla akapiga kelele.

"Mstari wa saba!"

"Nini?"

"Juu ya sikio. Ona umekwenda upande. Niliuona baada ya kupiga picha hii, nikaona aibu, nikaufumua nikausuka upya pale pale. Mdogo wangu, unakumbuka? Ulinuna."

"Nakumbuka. Nilichelewa kurudi kazini."

"Basi mstari huu uliopinda uliishi dakika kumi tu duniani. Ulikuwa kitini pangu, na chanuo mkononi. Haujawahi kwenda popote." Akachukua picha ya krimu, akaikuza. Mstari wa saba ulikuwa pale pale, umepinda vile vile. "Wamebadilisha ngozi, wamebadilisha mkono. Kosa langu wameliacha."

Mama Mihuri alicheka mpaka miwani ikashuka puani. "Hongera kwa kusuka vibaya."

Jioni hiyo hiyo walitoa malalamiko kwa wenye mtandao. Kila picha mtandaoni ina vitufe vya kuripoti. Muuguzi aliripoti kama mtu ambaye sura yake imetumika na kugeuzwa bila ruhusa. Vidole aliripoti kama mpiga picha ambaye kazi yake imeibiwa. Hizo ni haki mbili tofauti, na kila mmoja alidai yake. Kesho yake walikwenda polisi na karatasi yao. Askari wa mapokezi aliwaambia wangoje. Wakangoja saa tatu. Wakaambiwa waje kesho. Wakaja kesho. Siku hiyo wakaandikiwa namba ya taarifa, na Vidole hakuondoka dirishani mpaka alipoinakili mwenyewe.

Jumatano ilipita. Alhamisi ikapita. Mtandao haukujibu. Vidole alikuwa akisuka huku jicho moja liko kwenye simu. Alimvuta mteja nywele mpaka akalia.

"Nimekuja kusukwa, sikuja kung'olewa!"

"Nisamehe, mama."

Alhamisi mchana Mama Mihuri alimwita. Mezani alikuwa ameweka kitambulisho cha kazi cha muuguzi, ambacho aliazimwa ili kitolewe nakala ya kuambatanisha na maelezo.

"Tazama huu muhuri," alisema. "Umegongwa wapi?"

"Kwenye picha."

"Tazama vizuri, wewe ni fundi."

Vidole akatazama. Muhuri ulikuwa nusu juu ya picha, nusu juu ya karatasi. Mstari wa duara ulipita kwenye bega la mdogo wake, ukashuka mpaka kwenye jina lake.

"Miaka yote hii nawaambia makarani hivyo hivyo," Mama Mihuri alisema. "Usigonge pembeni. Pembeni hukatwa. Gonga mahali ambapo mtu akitaka kuondoa muhuri, lazima aharibu anachokitaka. Akiibandua picha hii aweke yake, nusu ya duara inabaki kwenye karatasi inamshtaki. Sasa nionyeshe wewe huandika wapi jina lako kwenye picha zako."

"Pembeni. Chini kabisa. Lisiharibu mtindo."

Mama Mihuri alichukua simu, akafungua picha moja ya Vidole, akaivuta ukingo kwa kidole. Jina likapotea. Ilichukua muda mfupi kuliko kumeza mate.

"Mwizi naye hakutaka uharibu mtindo," alisema.

Vidole alikaa chini. Alikaa kweli, kwa mara ya kwanza wiki nzima.

"Kwa hiyo niandike katikati?"

"Juu ya mistari yenyewe. Herufi pana, nyepesi, nywele zionekane chini yake, lakini huwezi kulitoa jina bila kuzifumua. Na ipunguze picha kabla hujaiweka. Picha ndogo inatosha kuonyesha msuko, ila mwizi akitaka kuichapa kwenye bango inavunjika vunjika. Ya asili, kubwa, baki nayo."

"Basi hapo hawaibi tena."

"Nani kakuambia? Wataiba. Siku hizi kuna programu za kufuta hata maandishi ya katikati. Mlango wenye kufuli pia huvunjwa. Lakini unafunga, au hufungi?"

"Nafunga."

"Na jambo la mwisho ndilo kubwa, nalo halina programu. Wewe unauza nini?"

"Misuko."

"Misuko iko wapi?"

Vidole akagusa kisogo chake mwenyewe. Kisha akajibu polepole. "Kisogoni."

"Sasa uso wa mdogo wako ulikuwa unautafutia nini?"

Ijumaa saa nne walikuwa ofisini kwa mkuu wa zahanati. Mkuu ni mwanamke mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni na haraka nyingi. Muuguzi aliweka maelezo yake mezani. Vidole akaweka picha mbili zilizochapwa, moja ya chanuo, moja ya kopo. Akaweka tarehe na saa ya picha ya asili. Akaweka nakala za malalamiko na namba ya polisi. Kisha akaeleza kuhusu mstari wa saba. Alieleza kwa mikono.

Mkuu aliziangalia picha zile. Akavuta ya kwanza karibu, kisha ya pili. Akahesabu mistari kwa ncha ya kalamu. Moja, mbili, tatu. Alipofika saba, kalamu ikasimama.

"Ni nani aliyeiweka picha hii mtandaoni mara ya kwanza?" aliuliza.

Muuguzi alifungua mdomo. Vidole alimwahi.

"Ni mimi. Alinikataza, nikaiweka. Kama kuna mtu wa kuadhibiwa kwa kuitoa picha, basi si yeye."

Mkuu akaiweka kalamu chini. Halafu akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Mimi niliituma kwa wakuu wa zahanati tano. Nikaandika, 'Tazameni aibu hii.' Sikumwuliza muuguzi wangu kwanza. Nilikuwa naye jengo moja, mlango wa pili, na sikuuliza."

"Sasa?" muuguzi aliuliza. Sauti yake haikuwa ya kuomba.

"Sasa utabaki kazini. Na hao watano nitawapigia mmoja mmoja."

Aliwapigia mbele yao. Watu watano, simu tano. Ya nne haikupokelewa, akarudia mpaka ikapokelewa. Hakutuma picha. Alisema kwa maneno.

Mama aliyeungua shavu alirudi Jumatatu kuosha kidonda. Alikuta picha mbili zimewekwa mezani. Alizitazama kwa jicho moja, lile lisilovimba, kisha akamshika muuguzi mkono. "Nilikutukana mbele ya watu," alisema. Akataja duka aliloinunua krimu. Wakaguzi wa dawa walikwenda huko, wakatoka na maboksi mawili.

Ukurasa wa krimu ulifungwa baada ya siku nane. Siku ya kumi na moja ukafunguliwa mwingine, jina jipya, picha ile ile. Wakaripoti tena, safari hii ushahidi ukiwa tayari kwenye bahasha. Ukafungwa ndani ya siku mbili. Je, hautafunguliwa wa tatu? Hakuna anayejua. Kila Jumamosi Vidole huipakia ile picha kwenye mtambo wa kutafutia mtandaoni, ule unaouonyesha picha nao unakuambia ni wapi kwingine imeonekana. Huko ndiko kuishi na picha iliyotoroka. Unaichunga maisha yako yote.

Lakini kibanda kimebadilika. Vidole aliupitia ukurasa wake wote. Zilikuwamo nyuso mia moja na arobaini. Alizificha zote siku moja, kisha akaanza kuwauliza wenyewe. Wengine walisema ziache. Wengi walisema, "Kumbe nilikuwa huko?" Mmoja alisema mumewe wa zamani alimfuata mpaka mtaa mpya na hakuwahi kujua alimpataje. Vidole aliifuta picha hiyo kabla simu haijakatwa.

Sasa anapiga kisogo tu. Anaipunguza picha, anapitisha jina katikati ya mistari, na ya asili anaihifadhi kwenye kadi na tarehe yake. Wateja wanalalamika kidogo. "Jina lako limenipita kichwani kama njia ya siafu," mmoja alimwambia. Lakini mwezi uliopita msusi mwingine wa mbali aliiba picha tatu na kuziita zake. Wateja wake wenyewe walisoma jina la Vidole katikati ya nywele, wakampigia Vidole kuuliza kibanda kiko wapi. Watatu kati yao wanasuka kwa Vidole mpaka leo.

Mdogo wake alikaa miezi miwili bila kuja. Siku aliyokuja alikuwa amevaa gauni la nyumbani. Akasukwa mistari myembamba, yote imenyooka. Walizungumza kuhusu shangazi, ambaye bado alikuwa amenuna. Kazi ilipokwisha, Vidole alifuta mikono, akauliza.

"Nikupige picha?"

"Hapana."

"Ya kisogo tu?"

"Hapana, dada."

"Haya." Akairudisha simu kwenye droo, akaifunga. "Inuka basi, nikuone mwenyewe."

Hadithi ya Vidole inaishia hapo. Yako haijaanza.

Kwenye ukurasa wako kuna uso wa mtu ambaye hukumwuliza. Mtoto wa jirani aliyekuja kucheza. Mfanyakazi mwenzako akiwa na beji yake. Mgonjwa uliyemtembelea akiwa kitandani, hana nguvu ya kukataa. Usiniambie utafanya jioni, wala usiniambie picha zako hazina mwizi. Fungua huo ukurasa sasa. Tafuta uso wa kwanza usio wako. Mpigie mwenyewe, umwulize. Akisema hapana, ifute akiwa bado anakusikia. Kisha nenda kwenye uso wa pili. Piga.